Mguu Unaovimba Jioni

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 46, ni mama wa watoto wanne, na ninauza katika duka la vitambaa hapa Morogoro, kazi ya kusimama kutwa. Mguu wangu wa kushoto huvimba kila jioni, na ngozi iliyo juu ya kifundo, upande wa ndani, imekuwa nyeusi na ngumu. Majirani wanasema ni kusimama tu. Je, yapo maradhi yanayochangia? Baada ya uzazi wa mwisho niliwahi kulazwa, damu ikiwa imeganda katika mguu huohuo.

JIBU: Mama, kusimama kutwa kunachangia kweli, lakini sentensi yako ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Ndani ya vena za miguu, yaani mishipa inayorudisha damu, mna vali (vilango vidogo) zinazoiacha damu ipande kuelekea moyoni na kuizuia isirudi chini. Damu ikiganda humo, vali hubaki na makovu na hazifungi tena sawasawa, hata bonge lenyewe likishayeyuka. Hapo damu hutuama, shinikizo hupanda, na chembe nyekundu zinazovuja huacha chini ya ngozi madini ya chuma, ambayo huitia weusi huo unaouona. Katika kila wagonjwa 100 waliogandiwa na damu kwenye vena za ndani za mguu, 20 hadi 50 hupata madhara haya ya kudumu.

Mimba nazo huchangia, na unene wa tumboni pia, kwa kuwa vyote hukandamiza vena kubwa za nyonga. Jambo linalosahauliwa mno ni kifundo kilichokakamaa kwa baridi yabisi au kiharusi, maana misuli ya shavu la mguu ndiyo inayoisukuma damu juu tunapotembea. Moyo dhaifu huzidisha hali, ingawa kwa kawaida huvimbisha miguu yote miwili.

Nenda hospitali, ueleze habari ya kuganda kwa damu kabla hujaulizwa, na uombe vena zipimwe kwa ultrasaundi, kwani ngozi ya namna hiyo huweza kuchimbika kidonda kisichopona upesi. Tafadhali usijinunulie soksi za kubana kabla mishipa inayopeleka damu mguuni haijapimwa, hasa ukiwa na kisukari, kwa sababu zinaweza kuunyima mguu damu. Ukiwa dukani chezesha vifundo mara kwa mara, na jioni ulale ukiwa umeinua miguu juu ya usawa wa moyo. Mguu ukivimba ghafla na kuuma, au ukabanwa na pumzi, usingoje kesho.