Kijana hasemi kama anataka upadre

Shikamoo mama. Umeuliza kama umpeleke mwanao seminari huko Lindi, kidato cha kwanza, wakati mwenyewe kuhusu upadre hasemi ndiyo wala hapana. Nakuelewa. Mimi niliingia na miaka 13, nikatoka kidato cha nne. Leo nanunua korosho Masasi.

Seminari ndogo haimfungi mtu. Ni sekondari yenye malezi, na wengi wetu hatukufika kwenye upadirisho. Kilichonijenga ni kengele ya alfajiri, palizi chini ya mikorosho, na kile kimya cha usiku kilichonizoesha kusoma bila kuswagwa. Kilichoniumiza ni siku ya kutoka: nyumbani walinipokea kama mwizi.

Kwa hiyo muulize mkiwa wawili tu, baba yake asiwepo. Kabla ya kulipa ada mkamwone gombera, yaani padre mkuu wa seminari. Ulizeni nani analala jirani na bweni, na wazazi wanapiga simu lini. Mwanao ajue mapema kwamba akiacha, sahani yake ipo.

Akija likizo amenyamaza kupita kawaida, au akitaja kupigwa ama kushikwashikwa, usiishie kwa padre. Nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.