Mrembo hatari hakumroga mtu

Barua nyingi za safari hii zinamhusu yule mwanamke wa filamu za kusisimua: mrembo, mpole wa sauti, anayemtia mwanamume mkenge mpaka damu inamwagika. Nimechagua sita.

Nianze na filamu ipi?

Double Indemnity ya Billy Wilder, mwaka 1944. Fred MacMurray ni Neff, wakala wa bima aliyekwenda nyumbani kwa mteja kwa ajili ya bima ya gari. Mteja hayupo, yupo mkewe Phyllis, yaani Barbara Stanwyck. Haupiti muda, mume anahadaiwa atie sahihi kwenye bima ya ajali asiyoijua, na akifia kwenye treni kampuni italipa maradufu.

Ikifika sehemu ya mauaji, weka simu pembeni. Phyllis anaendesha gari, mume yuko kando yake, Neff kajificha nyuma. Honi inapigwa mara tatu, ndiyo ishara. Hatuonyeshwi shingo wala mikono. Kamera inabaki kwenye uso wa Phyllis, macho yake mbele barabarani, na masikio yetu ndiyo yanayotuambia kinachoendelea. Waongozaji wetu wanaomwaga rangi nyekundu kila dakika kumi waitazame sehemu hiyo hata mara tano.

Filamu hizi si zinawafundisha vijana wa kiume wajihadhari na wanawake?

Swali hili haliishi kuletwa, na anayelileta huwa hakusikiliza. Nani anasimulia? Ni Neff mwenyewe, usiku, ofisini, na jeraha la risasi, akizungumza kwenye mashine ya kurekodi ili mwenzake Keyes aje asikie. Karibu yote tunayoyajua kuhusu Phyllis yamepita mdomoni mwa mwanamume aliyeua. Na huyo huyo anakiri kwamba alikuwa amekwisha kuwaza namna ya kuiibia kampuni yake kwa akili, kabla hajaugonga mlango ule. Nia ilikuwepo. Phyllis alileta mume wa kuuawa.

Phyllis ni muuaji, hilo silibishi. Ninalolikataa ni mtu mzima mwenye akili timamu kukaa chini, kupanga ratiba ya treni, kumnyonga mume wa mwenzie, kisha tumhurumie eti alichanganywa. Maneno hayo nayasikia mitaani mwetu kila mwanamke anapopigwa au kuuawa: "Alimchezea akili." Wazazi, mkiwatazamisha vijana wenu filamu hizi, waulizeni mwishoni nani alichagua nini.

Ni kweli hadithi ile ilitokea?

Ilichipuka kwenye kesi ya kweli. Mwaka 1927, New York, Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walimuua mume wa Ruth, ambaye maisha yake yalikuwa yamekatiwa bima yenye kipengele cha malipo maradufu. Wote wawili waliuawa kwa kiti cha umeme Januari 1928. James M. Cain, aliyekuwa mwandishi wa magazeti mjini humo, ndiye baadaye aliyetunga riwaya iliyozaa filamu. Wawili walihukumiwa, lakini picha iliyosambaa ni ya Ruth akifa kitini, iliyopigwa na mpiga picha aliyeficha kamera kwenye kifundo cha mguu.

Kwa nini mrembo hatari lazima afe mwishoni?

Kwa sababu ya kibali cha kuonyesha filamu. Kuanzia mwaka 1934 kanuni za maadili za Hollywood zilisimamiwa kwa mkono mzito na ofisi ya Joseph Breen, na mhalifu hakuruhusiwa kuondoka salama. Kwa hiyo msiwe wepesi kukisoma kifo chake kama hukumu ya mtunzi. Kanuni ziliondolewa mwaka 1968, na mwaka 1981 Kathleen Turner katika Body Heat akaondoka na fedha, mwanamume akabaki gerezani.

Nimeona kipande cha dakika tatu kinachoeleza filamu ya Gone Girl yote. Inatosha?

Haitoshi. Tazama filamu.

Yupi aliyeonewa kuliko wote?

Wengi watamtaja Gilda wa mwaka 1946, na kweli yule hakumdhuru mtu. Rita Hayworth alivua glavu akiimba, watu wakamhukumu. Lakini mimi namtaja Alex wa Fatal Attraction, mwaka 1987. Dan, mwenye mke na mtoto, analala naye mkewe akiwa safarini, kisha anataka kuendelea na maisha kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Alex anajiua, na kisu chenye alama za vidole vya Dan kinamfanya Dan akamatwe. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda. Waigizaji wakaitwa tena, ukapigwa mwisho mwingine: Alex anavamia nyumba na kisu, na mke wa Dan anampiga risasi bafuni. Glenn Close, aliyemwigiza Alex, aliupinga mwisho huo, kisha akaupiga. Ndio mnaoujua nyote, na ndani yake Dan hajibu chochote kwa mtu yeyote.