Jozi mbili za juu, mezani pamechafuka: kulipa au kutupa?

SWALI: Mwalimu, ninacheza poka ya holdemu yenye madau ya kiwango maalumu. Nilikuwa kwenye kiti cha malipo makubwa ya lazima nikiwa na 9 ya kopa na 8 ya pau. Mchezaji wa kwanza kushoto kwangu alipandisha dau, mmoja wa katikati akalipa, mgawaji akalipa, mwenye malipo madogo ya lazima akatupa, nami nikalipa. Karata tatu za kwanza za mezani, za wachezaji wote, zilikuwa 9 ya shupaza, 8 ya uru na 6 ya shupaza. Nilipisha bila kuweka kitu, aliyepandisha akaweka dau, wawili wakalipa, ndipo nikapandisha, na wote watatu wakalipa. Karata ya nne ikawa 7 ya shupaza. Nilipisha, wa kushoto kwangu akapisha, wa katikati akaweka dau, mgawaji akatupa, nami nikatupa. Karata ya tano ilikuwa 9 ya pau! Je, nilikosea kutupa?

JIBU: Ulikosea, lakini kosa hilo ni dogo kuliko lile ulilolifanya raundi moja kabla, ambalo hukuliuliza. Kuhusu 9 ya pau, naomba uisahau, kwa sababu ningetoa jibu hili hili hata kama karata ya tano ingekuwa 2.

Tuanze na ulichouliza. Kabla ya karata za mezani kufunuliwa, ninyi wanne mliweka madau madogo mawili kila mmoja, na aliyetupa aliacha nusu dau. Jumla ni 8.5. Katika raundi ya pili mliongeza 8, fungu (jumla ya madau yanayogombewa) likafika 16.5, na kwa kuwa raundi mbili za mwisho huchezwa kwa dau maradufu, hayo ni madau makubwa 8.25. Mchezaji wa katikati alipoongeza dau lake, wewe ulikuwa unatakiwa kulipa 1 ili ugombee 9.25.

Sasa tuchukulie kwamba jozi zako mbili, ya 9 na ya 8, tayari zimepitwa, jambo ambalo si la ajabu, kwa maana mwenye 10 au 5 ameshapata mfululizo (karata tano zinazofuatana) na mwenye shupaza mbili ameshatimiza karata tano za aina moja. Katika karata 46 usizoziona, zinazokuokoa ni nne tu: 9 mbili na 8 mbili, kwa kukupa tatu na mbili (karata tatu za namba moja pamoja na jozi). Uwezekano wa kuikosa ni 42 kwa 4, yaani 10.5 kwa 1, na fungu linakupa 9.25 kwa 1. Pengo ni dau kubwa 1 na robo. Hata hivyo, ukiipata karata yako, mwenye mfululizo ataweka dau, utapandisha, na mara nyingi atalipa, kwa sababu katika mchezo huu wa madau ya kiwango maalumu ni wachache wanaotupa mfululizo kwa ajili ya dau moja la ziada. Hapo pengo limezibwa, na bado sijahesabu zile nyakati ambazo aliyeweka dau ana jozi moja na shupaza moja kubwa, nawe ndiye uliye mbele. (Nikubali kasoro moja: 8 ya shupaza inakupa tatu na mbili, lakini ingemletea mwenye 10 au 5 ya shupaza mfululizo wa aina moja. Hilo ni tukio adimu, halibadilishi uamuzi.) Kwa hiyo ulipaswa kulipa, bila kupandisha. Kama mgawaji angekuwa amepandisha, ungetakiwa kulipa madau 2 kwa fungu la 11.25, karibu 5.6 kwa 1, na hapo kutupa kungekuwa sahihi bila mjadala.

Turudi kwenye karata tatu za kwanza, mahali mkono huu ulipoharibikia. Jozi mbili hizo huenda zilikuwa mbele, lakini zilikuwa dhaifu, na kazi yako ilikuwa kuwatoza wenzako bei ghali. Uliposubiri ili upandishe baadaye, ulimruhusu mchezaji wa katikati alipe dau moja kwanza, kisha ukamtaka aongeze jingine moja wakati fungu limeshafika 14.5. Mtu anayehitaji 7 pekee kukamilisha mfululizo ana karata 4 katika 47, yaani 10.75 kwa 1 dhidi yake. Wewe ulimpa 14.5 kwa 1, naye akalipa kwa haki kabisa. Mpandishaji alikuwa ameketi mara tu baada yako, kwa hiyo ulipaswa kuweka dau wewe mwenyewe na kumwachia yeye apandishe. Angepandisha, wa katikati angelazimika kulipa madau mawili kwa pamoja akigombea 11.5, yaani 5.75 kwa 1, bei ambayo kwa mtu huyo ni hasara. Laiti mpandishaji angekuwa mgawaji, mbinu ingegeuka: ungepisha, ungemngoja aweke dau, kisha ungepandisha ili wawili walio kati yenu wakabane na madau mawili.

Usitarajie kwamba hilo lingewaondoa wote. Mwenye shupaza mbili ana karata 9 za kumsaidia, 38 kwa 9, takriban 4.2 kwa 1, na atalipa bei yoyote utakayomwekea. Huyo unamtoza tu, humfukuzi.

Kuhusu raundi ya mwisho, tuseme ungelipa, wa kushoto kwako angetupa, na karata ya tano isingekusaidia. Ungepisha, na dau jingine la wa katikati lingekupa 11.25 kwa 1, hivyo ungelipa ikiwa unaamini kwamba unashinda japo mara 1 katika mara 12 na ushei. Ikiwa karata hiyo ni shupaza ya nne isiyokuwa 8, au wa kushoto kwako amebaki, ameweka dau na wa katikati amelipa kabla ya zamu yako kurudi, tupa.