Umebakisha wiki chache kumaliza kujitolea ualimu ng'ambo? Darasa likabidhi mapema

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja wa Likoni, mwalimu, yuko Malawi anafundisha kwa kujitolea na muda wake unaisha mwisho wa muhula huu. Ananiambia, "Da' Mwalimu, nimebakisha wiki chache na kila nikiingia darasani naona sijafanya kitu. Nataka nianzishe klabu ya kusoma, niitishe mkutano wa wazazi, nipake rangi ukuta wa darasa. Nianze na lipi?" Mdogo wangu, nilikujibu kwa ufupi pale pale, lakini nimelala nikiwaza nikaona nikuandikie kwa urefu, manake najua hauko peke yako, walimu wa Mombasa, Kwale, Kilifi mmemaliza chuo, namba ya TSC, ile tume ya Kenya inayosajili na kuajiri walimu, mnayo, kazi hamna, mkaona kuliko kushinda barazani bora mtoke mkafundishe nchi za watu. Mie pia nilitoka hivyo hivyo.

Jibu langu ni kwamba usianze chochote. Wiki zilizobaki si zako tena, ni za yule mwalimu atakayebaki na hilo darasa wewe ukishapanda basi. Kazi yako sasa ni kumkabidhi, na kukabidhi si siku ya mwisho na keki na picha, kunaanza mwezi mzima kabla.

Ntakueleza nilivyofanya mie.

Nilikuwa Rwanda, shule ya msingi huko kusini upande wa Huye, mji ambao watu wazima bado wanauita Butare. Nilifika Septemba 2022, manake wenzetu mwaka wao wa shule unaanza Septemba unaisha Julai. Sasa wengi wetu hatujui kwamba Rwanda shule zilikuwa zinafundisha kwa Kifaransa kwa miaka na miaka, mpaka 2008 serikali ikaamua masomo yahamie Kiingereza. Hebu jiweke kwenye viatu vya mwalimu aliyesoma Kifaransa tangu utotoni mpaka chuo, kazi ashaizoea, halafu anaambiwa sayansi na hisabati uzifundishe kwa Kiingereza. Ndiyo sababu watu kama sisi tukaitwa. Si kwamba walimu hawana, walimu wapo tena wazuri, tulichoitiwa ni kusimama nao mpaka hiyo lugha iwakae mdomoni. Ukilisahau hilo ndo unaanza kujiona wewe ndiye mwalimu na yule mwenye darasa ni msaidizi wako.

Mwalimu niliyepangwa naye alikuwa baba wa makamo, mpole, na mwandiko wake wa ubaoni sijaona mwengine kama huo mpaka leo. Somo analijua kweli kweli. Lakini akiingia kwenye Kiingereza sauti inashuka mpaka watoto wa nyuma hawasikii. Mie nikiingia ni nyimbo, makofi, mashindano ya makundi, watoto wananing'ang'ania mpaka nje. Raha ilikuwepo, siwezi kudanganya. Ila ilipofika muhula wa tatu nikaona jambo, yule baba akiuliza swali watoto wanageuka kunitazama mie kwanza kabla ya kujibu. Nikasema hapana, hawa watoto mwezi wa tisa watabaki na nani?

Basi saa ya chai, tumekaa stafrumu, baridi ile ya milimani (sisi watu wa Mombasa tunateseka kule, sweta mpaka Julai), nikamwambia, "Mwalimu, kuanzia Jumatatu darasa ni lako lote. Mie ntakaa dawati la nyuma niandike." Hakujibu. Alikoroga chai muda mrefu na sukari ilishayeyuka zamani. Halafu akasema, "Sawa, lakini tutengeneze chati kwanza."

Hizo chati ni za kutengenezea magunia ya mchele, yale meupe ya plastiki ya kusokotwa, na kama kuna kitu kimoja utachukua kwenye makala hii basi chukua hiki kwa sababu karatasi za manila ni ghali na zikipata mvua basi. Unafumua gunia upande mmoja na chini, unalifungua liwe shuka, unaliosha, unalianika. Kingo zinachomoka nyuzi, kwa hivyo unapitisha mwali wa mshumaa taratibu pembeni ziyeyuke zishikane, polepole lisije likawaka. Halafu unachora kwa kalamu ya penseli kwanza, ndo unapita na maka. Maka nyeusi na ya buluu zinakaa, nyekundu jua likiipiga inapauka upesi, ile weka vichwa vya habari tu. Chati yetu ya kwanza ilikuwa safari ya maji, kutoka ziwani kwenda mawinguni na kurudi mvua. Yeye ndiye aliyechora, mie nilishika mshumaa.

Jumatatu ikafika. Ametundika gunia lake kwenye misumari miwili, anaanza, sauti ile ile ya chini. Mtoto mmoja wa kike wa mbele akageuka kunitazama nyuma aniulize. Nikainamisha kichwa nikaendelea kuandika. Akaendelea kunitazama. Nikaendelea kuandika. Kimya kile kilikuwa kirefu wallahi, mkono wangu ulikuwa unataka kuinuka wenyewe. Yule baba akanyamaza, akamuuliza yule mtoto kwa Kinyarwanda kitu gani hajaelewa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia gunia akaweka kidole penye ziwa na kueleza upya kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto akasema "Ahaa" na darasa zima likacheka. Kuanzia pale sauti ikapanda. Sio siku moja, lakini ikapanda, na kufika Julai nilikuwa nikikaa nyuma kule nasikia kila neno.

Kingereza chake kilikuwa na makosa? Kilikuwa nayo, na changu je? Watoto walielewa, na kile ambacho mie singeweza kufanya hata nikae miaka ni kumsikiliza yule mtoto kwa lugha ya mamake.

Mpaka leo ananitumia picha kwa WhatsApp. Muhula uliopita kanitumia ukuta wa darasa wote magunia, mengine hata sikuwahi kuyaona, kayachora mwenyewe na wenzake wawili. Nimejivunia kuliko cheti chochote. Na ndo maana nakwambia klabu ya kusoma ukianzisha leo, itakufa wiki utakayoondoka. Nimeona kabati la vitabu vya hadithi lililoletwa na mtu kabla yangu, limefungwa kufuli na ufunguo hakuna anayejua uko wapi, kwa sababu aliyelianzisha aliondoka nalo kichwani, hakumuachia mtu.

Sasa upande wa watoto. Watakuuliza utarudi lini. Usiseme "karibuni". Usiseme "mwakani inshallah" kama mwakani hupo. Kule nilikokuwa neno la kuaga lina uzito wake, tangu mauaji ya kimbari ya 1994 kuna watu wanaongoja watu wao wasiorudi, na kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili nchi nzima inaingia kwenye maombolezo, unaona mwalimu mwenzako wa kila siku anakaa kimya wiki nzima na wewe unajua usiulize. Kwa hivyo mie yule mtoto wa mbele aliponiuliza nilimwambia ukweli, "Sijui kama ntarudi, lakini mwalimu wako yupo." Alilia. Nikamwacha alie. Na zile ahadi za karo, ntakutumia viatu, ntakutafutia mfadhili, usizitoe kabisa mdogo wangu, unatoa kwa huruma na yule mtoto anahesabu siku.

Sasa nije kwenye kitu kinachoniuma, na nitasema ingawa yamepita. Shirika lililonipeleka, silitaji, liliniahidi barua ya kazi niliyofanya. Itatumwa, itatumwa, mpaka leo naandika haijatumwa. Kilichoniokoa ni mwalimu mkuu wa ile shule, nilimwomba barua mapema kabla ofisi haijafungwa, akaandika mwenyewe na kupiga muhuri. Nimerudi Mombasa Julai 2023, nikaenda intavyuu kwenye akademi moja hapa hapa, bwana aliyekuwa ananihoji kaipitisha macho barua yangu kaiweka mezani, kasema, "Kwa hivyo mwaka mzima hukuwa na kazi." Mwaka mzima! Mtu ameamka alfajiri kwenye ukungu, amesahihisha madaftari kwa tochi ya simu, umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ameshika jembe na wanakijiji kuchimba mitaro, halafu hukuwa na kazi. Mtaani nako ni vile vile, "umefundisha bure?", "umetuletea nini?". Nililetea watu majani ya chai na kahawa na bado kuna shangazi mmoja aliniuliza pesa ziko wapi.

Walimu wenzangu, kujitolea ni kazi na tuache kuisema kwa sauti ya chini kama tunaomba radhi. Mwenye shule anayeona mwalimu aliyesimama mbele ya watoto wa lugha nyengine akafundisha wakaelewa, na akamjenga mwenzake, huyo kama haoni kitu basi shule yake ina hasara. Lakini pia na sisi tujipange, usitegemee mtu akusemee, jisemee kwa karatasi. Barua iwe na muhuri, tarehe ulioanza na uliomaliza, madarasa na masomo uliyofundisha, na jina lako liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho herufi kwa herufi, manake TSC wakiona jina limepinduka utazunguka ofisi mpaka viatu viishe. Chukua nakala ya maazimio yako ya kazi na maandalio ya masomo machache uliyofundisha vizuri, piga na picha za chati. Ile intavyuu ya pili, shule nyengine, niliwawekea maazimio yangu mezani na picha za magunia, wakaacha kuuliza kama nilikuwa na kazi wakaanza kuuliza magunia yanashonwaje. Nikaajiriwa.

Mambo madogo madogo ya safari nayapita tu. Pesa za huko badilisha kabla hujavuka mpaka wao, ukifika nazo Mombasa utapata tabu kupata wa kuzinunua. Mie nilipanda basi stendi ya Nyabugogo, Kigali, mpaka Kampala, Kampala mpaka Nairobi, halafu treni mpaka Miritini, na kwa sisi wa Kenya na Rwanda kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka, ila wewe wa Malawi pasipoti iangalie tarehe sasa hivi sio wiki ya kuondoka. Nyumbani waambie mapema kwamba huji na pesa, waambie kwa simu, mamako kwanza, ili usije ukaelezea mlangoni na mizigo mkononi.

Wiki hii ongea na mwalimu wako. Mwambie Jumatatu darasa ni lake, na akikwambia hayuko tayari muulize anataka mtengeneze nini kwanza, mkae mtengeneze. Klabu, mkutano na rangi, mwandikie orodha kama anazitaka, aamue yeye na wenzake. Na ukifika nipigie. Cheti cha mwenendo mwema tutaomba pamoja kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, twende tukapige alama za vidole, na pale shuleni kwetu Kisauni kuna mwalimu wa darasa la nne anaenda likizo ya uzazi, jina lako nshalipeleka kwa hedimistresi, kasema aione ile barua.