Mshahara wa kazi isiyo na shughuli: niache au niendelee?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara. Minada ikianza Oktoba tunashinda mizanini mpaka usiku, lakini msimu ukiisha ninabaki kusaini daftari la mahudhurio na kusubiri jioni. Mshahara ni mzuri na hauchelewi. Mjomba wangu ana duka la pembejeo Newala, ananiita tukashirikiane, ingawa kipato kitapungua. Mama na wadogo zangu wananitegemea. Je, ninakula haramu? Niache?

JIBU: Waalaykumussalaam warahmatullahi wabarakatuh. Umeuliza mambo mawili, na ni vyema tuyatenganishe, kwani wapo walioacha riziki ya halali wakidhani wanaikimbia haramu.

Mafaqihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wamegawa waajiriwa mafungu mawili. Yupo anayelipwa kwa kazi aliyoikamilisha, kama fundi cherehani, na yupo ambaye mwajiri mmoja amekodi muda wake. Huyu wa pili hustahiki ujira kwa kuwepo kazini, tayari kutumwa, katika muda waliopatana, hata kama hakupewa la kufanya. Wewe ni wa fungu hili. Ghala kuwa tupu mwezi wa Mei si kosa lako, na mwajiri wako anakulipa akijua hivyo, ili Oktoba asihangaike kumtafuta karani anayejua mizani na stakabadhi. Mshahara wako ni halali.

Lakini uhalali huo umefungamana na kuwepo kwako kweli. Ukisaini kisha ukaondoka, au ukajaza ripoti kwa kazi hewa ili uonekane una shughuli, hapo umeingia katika udanganyifu. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, sifa za mwajiriwa bora zimetajwa kuwa ni nguvu na uaminifu. Mweleze basi mkuu wako waziwazi kwamba una nafasi, na ujitolee kupanga chaga au kuhakiki hesabu za msimu uliopita. Akikujibu kwamba hana la kukupa, umetoka katika lawama, na saa hizo ukizitumia kusoma hakuna ubaya, maadamu ukiitwa unapatikana.

Ama kuacha kazi, hilo ni jambo la mubaha, yaani kulifanya au kuliacha ni ruhusa. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kuwa watu wengi hupunjika katika neema mbili, afya na faragha, yaani wakati usio na shughuli. Kijana anayeona miaka inapita bila kuongeza ujuzi ana sababu ya kuhama. Lakini amesema pia kwamba yamtosha mtu dhambi kuwatelekeza anaowalisha, kwa hiyo uchovu wa kukaa bure peke yake si hoja ya kupunguza chakula cha mama yako.

Ninachokihofia zaidi ni hilo neno la mjomba, "tushirikiane". Je, utakuwa mwajiriwa wake au mbia? Kama ni ubia, mtaji wa nani, na faida mtagawana kwa fungu gani? Ndugu wengi huona haya kuulizana, kisha hawasalimiani. Andikeni.

Uliza pia namna duka linavyouza. Mkulima akikopeshwa salfa, ile dawa ya mikorosho, kwa bei mliyokubaliana siku ya kuuziana, ijapokuwa inazidi bei ya taslimu, wanazuoni wengi wameruhusu. Lakini akichelewa kulipa mkamwongezea deni, hiyo ni riba. Na kama duka linachukua korosho kwa kangomba, yaani biashara ya kununua korosho nje ya mfumo rasmi, ambayo Serikali imeikataza na mkulima hupunjwa katika kipimo chake, basi kumbuka onyo la Suratul Mutaffifin na ubaki ghalani kwako. Kubadilisha utulivu wa halali kwa harakati zenye shaka si ucha Mungu.

Mambo hayo yakiwa safi, na kipato kipya kikatosheleza chakula na ada za nyumbani, mimi naona uende. Mshauri mama yako kwanza, kisha uswali rakaa mbili za istikhara, yaani kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri, na kuomba dua yake iliyopokewa na Jabir, sahaba wa Mtume; usisubiri ndoto, bali endelea na uliloazimia, na likiwa na kheri litakuwa jepesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, na kutimiza ahadi ni amri ya aya ya kwanza ya Suratul Maida. Kwa kuwa umelipwa miezi yote ya ukimya, usiitoe notisi hiyo Septemba, minada ikiwa mlangoni. Ama uondoke mapema, ama uumalize msimu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.