Kona ya Kanda: Nani kaukata wimbo, na singo ilipaswa iwe ipi?

Barua za mwezi huu zote zimeangukia sehemu moja sijui mmepanga, kila mtu kagombana na mtu kisa wimbo umekatwa. Haya tuanze.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Kanda. Mi na shemeji yangu tumenuniana toka Jumapili sababu ya Pet Shop Boys, lile kundi la Waingereza wawili, usicheke. Alikuja kwangu hapa Soweto tukala wali wetu wa Kyela vizuri tu, nikaweka albamu yao ya Introspective kwenye simu nikaunganisha na spika, ulipofika ule wa mwisho, It's Alright, shemeji akasema hii sio yenyewe, yenyewe inakatika ghafla, eti ndo wasanii walivyotaka. Nikamwambia we shemeji umechanganya mambo, huu wimbo mi naujua toka redioni, ni mfupi na unaisha kama nyimbo zingine. Akasema nimezoea za redio zilizokatwakatwa sijui muziki. Yeye alikuwa na kanda enzi zile, mi nilikuwa na redio ya mawe manne tu nimefunga waya kwenye mti wa parachichi. Nani mkweli? Halafu anasema wimbo wao bora ni Being Boring, sasa kama ni bora mbona haukuwa hata kumi bora kwao Uingereza? — Mpenda Kinanda, Soweto, Mbeya

JIBU: Marahaba. Mwambie shemeji yako akuletee hiyo kanda uisome ubavuni, nina uhakika imeandikwa 90.

Iko hivi. Mi nilikuwa na meza ya kurekodi kanda pale soko la zamani la Mwanjelwa kabla halijaungua, dabodeki moja (redio ya kanda mbili ya kunakilia), spika mbili na boksi la kanda tupu. Mteja alikuwa hataki kulipia kanda mbili, anakwambia we weka albamu nzima upande mmoja, upande wa pili niwekee dansi. Kanda ya 90 ina dakika 45 kila upande. Introspective ina nyimbo 6 tu lakini ukizijumlisha ni kama dakika 48. Fanya hesabu mwenyewe. It's Alright ndo wa mwisho, una dakika 9 na kitu, kwa hiyo ukifika kama dakika ya 6 kanda inasema ka! na kitufe kinaruka juu, jamaa bado anaimba. Hiyo ndo sanaa anayoisema shemeji yako. Miaka thelathini na kitu anasikiliza mwisho wa kanda akijua ni mwisho wa wimbo, na wala simlaumu mana ukishausikia hivo mara mia, ukija kuusikia mzima unaona umeongezewa maji.

Lakini na wewe usicheke sana, mana ulichosikia redioni nacho sio kipande cha ule wa kwenye albamu. It's Alright asili yake ni wimbo wa hausi, ule muziki wa disko wa mashine, wa Sterling Void wa kule Chicago, Pet Shop Boys wakaurudia kwa urefu kwenye albamu ya 1988, halafu 1989 walipoutoa singo, yani peke yake nje ya albamu, wakautengeneza upya, dakika 4 na ushee, ukafika namba 5 Uingereza. Kwa hiyo nyinyi wawili mnagombania nyimbo mbili tofauti zenye jina moja, na mmoja wenu ana ya tatu aliyotengenezewa na dabodeki.

Na hapa ndo penye utamu wenyewe, ngoja nikae kidogo. Kawaida msanii anatoa singo fupi, halafu inatolewa ile ndefu ya disko kwenye santuri ya inchi 12. Kwenye Introspective hawa mabwana, Neil Tennant na Chris Lowe, waliigeuza kichwa chini miguu juu, albamu nzima ni za ndefu toka mwanzo, singo ndo zikaja kufupishwa. Left to My Own Devices kwenye albamu inapita dakika 8, pale mtayarishaji Trevor Horn kamwaga okestra nzima juu ya ngoma za disko, singo yake haifiki hata 5. Domino Dancing karibu dakika 8, waliifanyia Miami. Ukisema singo za albamu hii zimekatwa uko sahihi. Ila humohumo kuna Always on My Mind, hiyo ilitoka kwanza fupi, ikawa namba moja Krismasi ya 1987, ndo baadaye ikavutwa ikafika dakika 9. Na I Want a Dog ilikuwa upande B wa singo ya Rent, ikaja kuchanganywa upya na DJ Frankie Knuckles. Kwa hiyo kanuni ya shemeji kwamba ndefu ndo halisi na fupi ni makapi inakufa ndani ya albamu yake mwenyewe anayoipenda. Uliza kwanza ipi imezaliwa mwanzo.

Haya Being Boring. Hapa niko na shemeji yako moja kwa moja. Ilitoka mwishoni mwa 1990, singo ya pili ya albamu ya Behaviour baada ya So Hard, ikaishia namba 20. Kwa watu waliokuwa na namba moja nne kati ya 1986 na 1988 (West End Girls, It's a Sin, Always on My Mind, Heart) hiyo ni aibu, na Tennant mwenyewe amewahi kusema Domino Dancing ilipoishia namba 7 ndo alijua kipindi chao cha kifalme kimekwisha. Sasa je walikosea kuichagua? Watu wanasema ni ndefu, inachelewa kuanza, haina ile ngumi ya It's a Sin. Kweli yote. Kwenye albamu inakaribia dakika 7, singo wakaibana ikawa kama dakika 4 na sekunde 50, na bado ni wimbo wa kutulia.

Ila sikiliza ubeti wa mwisho. Ni kuhusu rafiki yake wa ujanani Newcastle aliyekufa kwa UKIMWI, anajiangalia amefika alipotaka kufika halafu watu aliodhani atakuwa nao hawapo. Mi nilikuwa naurekodi ule wimbo pale mezani miaka ya tisini mwanzoni, na nyie watu wa Mbeya mnajua miaka ile barabara kuu ya Tunduma ilitufanya nini. Kulikuwa na mteja wangu mmoja dereva wa malori, alikuwa haelewi Kiingereza hata kidogo, akaja kuniuliza huyu mzungu anasema nini hapa mwisho. Nikamwambia. Akanyamaza, akalipa, akasema nirekodie tena huohuo upande mzima ujirudie. Nilimrekodia mara sita na nafasi ikabaki. Huo wimbo mi siwezi kuuita singo mbaya, ulitolewa kwa watu wachache na wale wachache wakaushika, mpaka leo mashabiki wao wakikaa kuchagua bora zaidi ni lazima utajwe.

Msalimie shemeji. Na aangalie lile karatasi la ndani ya kasha, kama herufi R zimeandikwa kama namba 2 huo ni mwandiko wangu, na naomba radhi kwa zile dakika tatu.

SWALI: Kamwene mzee. Sisi ni madogo wawili wa Kihesa Iringa tunaimba pamoja toka shule. Tumerekodi ngoma ya dakika 5 na sekunde 20, mwanzo wake tumeweka ligombo, kile chombo chetu cha nyuzi, anapiga babu yake mwenzangu, dakika nzima ligombo tupu. Tukapeleka kwenye kituo kimoja cha redio, mtangazaji akasikiliza kama sekunde 40 akasema bado hamjaanza tu kuimba? nendeni mkalete redio edit ya dakika 3. Mwenzangu kagoma, anasema Queen waligoma wakashinda. Mi nataka redio. Tufanyeje? — Nusu ya Kundi, Iringa

JIBU: Kamwene kijana. Mwenzako kasoma. Bohemian Rhapsody ni kweli ina dakika 5 na sekunde 55, ilitoka 1975, waliambiwa ni ndefu mno kwa redio wakakataa kuikata na ikakaa namba moja Uingereza wiki 9, na Freddie Mercury ni mtoto wa kuzaliwa Unguja kwa hiyo najua kwa nini mfano huo unamnogea. Ila mwambie hivi, Queen walipogoma walikuwa na albamu tatu sokoni. Nyinyi mna babu na ligombo.

Yule mtangazaji nae msimchukie, dakika zake zimegawanywa, kuna matangazo yaliyolipiwa, kuna taarifa ya habari inayoingia saa kamili isubiri isisubiri. Hiyo habari sio ya leo. Santuri ndogo ya inchi 7 ilikuwa inabeba vizuri dakika 3 au 4, ukizidisha mistari inabanana na sauti inashuka, ndo mana redio za dunia nzima zikazoea huo urefu. Kwetu nyimbo za dansi zilikuwa ndefu hazijali, kwenye santuri za Nairobi wanakata wimbo mmoja vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Na Radio Tanzania walikuwa wanarekodi bendi wenyewe kwenye tepu, mnakaa mnasikiliza taratibu za kulalamika dakika nne, gitaa linaanza kubadilika mnajua sasa chemko hilo, ile sehemu ya kuchezea, linakuja, mama kaweka mwiko chini, mara sauti inashushwa pii pii piii, saa mbili kamili. Nimelichukia hilo pii mpaka leo.

Sasa la kufanya. Kateni nyinyi wenyewe, usimwachie mtangazaji, mana yeye atakata kwa kushusha sauti pale alipochoka na mtapoteza mwisho ambao mmeuhangaikia. Ligombo msilitoe, hilo ndo kitu pekee mlichonacho ambacho wale wa Dar hawana, ila lipunguzeni mwanzoni liwe sekunde 10 au 12, zile nyuzi zinajulikana kabisa ni za Iringa, sauti yenu iingie, halafu babu arudi katikati kwa muda baada ya kiitikio cha pili. Mtashangaa pale katikati linasikika zaidi kuliko lilivyokuwa mwanzo mana mtu ashafika ndani ya wimbo. Viitikio vya mwisho mmerudia mara ngapi? Nyimbo nyingi ninazoletewa zinarudia mara nne, viwili vinatosha. Na mwambieni fundi wa studio akate kwenye pigo la kwanza la mzunguko, asikate katikati ya pumzi, mana masikio ya msikilizaji hayajui hesabu lakini pumzi iliyokatwa yanaijua, mtu anasikia tu kuna kitu kimeruka hapa.

Ile ya dakika 5 iwekeni nzima mtandaoni, faili mbili na kila moja iandikwe jina lake wazi, msije mkamtumia mtangazaji ile ndefu kwa bahati mbaya akawafungia mlango jumla. Mkumbuke tu na mtandaoni kwenyewe hakuna subira, Spotify wanahesabu kwamba umesikilizwa pale mtu anapofika sekunde 30, akihama sekunde ya 25 kwenye ligombo hamjasikilizwa. Ndo mana watoto wa siku hizi wanaanza na kiitikio kama mtu aliyeachwa na basi.

Babu mpelekeeni ulanzi, na mumlipe na hela pia.

SWALI: Mzee, fupi tu. 2024 Pet Shop Boys walitoa albamu ya Nonetheless wakaanza na Loneliness wakati humohumo kuna A New Bohemia ambayo ni nzuri mara kumi. Hawa wazee wamepoteza sikio au? — Baridi Kali, Makambako

JIBU: Hawajapoteza. A New Bohemia ni nzuri zaidi nakubali, mi nikiwa peke yangu usiku na koti langu ndo naisikiliza hiyo. Ila singo ya kwanza kazi yake ni kugonga hodi, na Loneliness ina mwendo, ina ngoma, mtu akiisikia jikoni hajui hata ni wakina nani anaanza kutikisa kichwa. Ukianza na ile ya taratibu redio zitasema aah wazee wamechoka, na mwaka ule Tennant alitimiza miaka 70, hilo neno lilikuwa linasubiriwa kwa hamu. Wakafuatia na Dancing Star ya kumhusu Rudolf Nureyev yule mcheza bale, A New Bohemia nayo ikaja kupata zamu yake. Albamu ikafika namba 2 kwao. Mi wala nisingebadilisha kitu, A New Bohemia ni wimbo wa mwezi wa sita au wa saba, wa kwenu watu wa Makambako mnaolala na blanketi mbili.

Kanda mnazotaka niwatambulie leteni zikiwa zimerudishwa mwanzo jamani, kalamu za Bic zimeniishia.