Megapikseli zimeongezeka, mkono ni ule ule

SWALI: Napiga picha za harusi. Nimeacha kamera ya megapikseli 24 nikanunua ya 61, zote za fremu kamili, lenzi ni ile ile ya milimita 50. Sasa nikizikuza picha kwenye kompyuta, nyingi naona zimecheza, zina ukungu. Je, nimeuziwa kamera mbovu? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kuirejesha dukani iweke kwenye stendi, tumia taima ya sekunde mbili, upige kitu kisichosogea. Picha ikitoka kali, kamera ni nzima.

Naamini itatoka kali. Kihisi, yaani kile kibao kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kina upana wa milimita 36 katika kamera zote mbili. Ya zamani iligawa upana huo katika pikseli (vinukta vya picha) 6000, kila moja mikroni 6; mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mpya imeugawa katika pikseli 9500 hivi, kila moja chini kidogo ya mikroni 4. Mkono ukiisogeza taswira mikroni 6, zamani huo ulikuwa upana wa pikseli moja, hauuoni. Sasa ni pikseli moja na nusu, na ukikuza asilimia 100 unauona waziwazi.

Lakini chapisha picha mbili hizo kwa A4, uziweke pamoja: ukungu ni sawa. A4 ya nukta 300 kwa inchi haihitaji hata megapikseli 9. Bibi harusi anayefungua albamu haoni unachokiona wewe. Tofauti huja ukikata kipande kidogo cha picha au ukichapisha bango.

Ile kanuni ya kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huachia mwanga uingie, kwa kugawa 1 kwa urefu wa lenzi (sekunde 1/50 kwa lenzi yako ya milimita 50), imetoka enzi za filamu, picha zikichapishwa kwa ukubwa wa kawaida. Ukitaka ukali ule ule wa zamani kwa kila pikseli, panda hadi 1/80. Kwa lenzi ya milimita 200, 1/320. Na hizo ni za mkono uliotulia.

Utaniambia usiku ukumbini mwanga hautoshi, na hata mchana vichochoro vya Mji Mkongwe vina giza. Basi pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, bila woga. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa hupungua picha ikipunguzwa kufikia ukubwa wa albamu, ila picha iliyocheza sana hairudi. Kidhibiti mtikisiko kiwashe, kinasaidia khasa kwa vitu vilivyotulia. Kwa wacheza ngoma ya msewe hakikufai kitu: kinazuia mtikisiko wa mkono wako, hakizuii miguu yao. Hapo ni shata tu, nami nisingeshuka chini ya 1/250, hata ISO ikifika 6400.